Wimbo Juu ya Sauti ya Mama

Juzi nilimpeleka mtoto wangu kuchanjwa. Muuguzi akalowesha pamba kwa alkoli, akamfuta paja, na ile harufu iliponifika puani nikashikwa na hasira hadi yule muuguzi akadhani naogopa sindano. Akaniambia nitulie, mtoto hatasikia uchungu sana. Hasira yangu haikuhusu sindano hata kidogo. Ilihusu mashine moja ya kaseti ambayo siku hizi hata mwokota vyuma hawezi kuinama kuichukua.

Nyinyi wa umri wangu mliokulia Lubumbashi mnaijua. Sisi tuliiita manyeto. Sanduku jeusi lenye mdomo mbele: unasukuma kaseti, inaimeza, inanguruma kidogo kama mzee anayesafisha koo, halafu picha inakuja kwenye televisheni. Ya kwetu Papa aliinunua wakati kiwanda kilikuwa bado kinalipa vizuri. Alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyusha shaba, upande wetu wa Naviundu, na alirudi jioni nywele zikinuka moshi. Picha zilipoanza kuruka, aliifungua manyeto kwa bisibisi, akachukua pamba na kichupa cha alkoli, akafuta kile kichwa cha chuma kinachozunguka ndani, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Nyumba nzima ilinuka hospitali. Mimi nilikaa karibu na goti lake nikimshikia skurubu kwenye kiganja, nikiogopa hata kupumua. Kwa wengine ile ni harufu ya ugonjwa. Kwangu ilikuwa harufu ya mvua kukatika, na nitaeleza kwa nini.

Mama yangu alikufa akijifungua, yeye na mtoto aliyekuwa anamzaa. Nilikuwa mdogo mno. Watu wananiambia nilikuwa namfuata hata chooni, nikishika kitambaa chake, nikilia akifunga mlango. Wanaweza kuwa wanasema kweli. Mimi sikumbuki kitu. Nilichokuwa nacho ni kaseti, tena si kaseti yake, ni ya ndoa ya Tantine Odile, dada mdogo wa Papa.

Mnajua ndoa zetu. Mpiga video haridhiki na keki na pete tu. Watu wakishakula, anazunguka meza kwa meza na mikro yenye waya mrefu, na kila mtu lazima asalimie. Ukikataa, meza nzima inakucheka. Basi kwenye ile kaseti kuna wajomba wanaotakia maharusi mapacha, kuna shemeji aliyelewa anayeanza kuimba na kunyang'anywa mikro, kuna bibi mmoja anayeshukuru serikali sijui kwa nini. Halafu mzee mwenye tai nyekundu anakohoa, na baada ya kikohozi chake ni mama yangu. Amevaa kijani. Ameshika mikro kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai. Anasema:

“Miye nasalimia maharusi, Mungu abachunge. Na nasalimia mutoto yangu Bibiche, ule iko analala pale ku biti. Muntu asimulamushe, amechoka.”

Kamera inageuka. Kweli, kuna viti viwili vimeunganishwa, na mimi niko juu yake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimetoka. Mama yangu alinitaja mbele ya ukumbi mzima, kwa mikro, na mimi nalala.

Ni hayo tu. Picha za karatasi tunazo, amesimama, amekaa, amebeba besani. Lakini sauti yake ikitamka jina langu, duniani ilikuwa mahali pamoja tu, baada ya kikohozi cha yule mzee.

Sasa ile mvua. Kaseti ikichezwa sana inachoka, na mistari myeupe inaanza kushuka kwenye picha. Mtoto atajuaje mambo ya kaseti kuchoka? Mimi niliona mvua. Niliamini mama bado yuko kwenye ile karamu, kwamba karamu haijaisha, na kule aliko imeanza kunyesha, kila nikienda kumtazama inanyesha zaidi, na hana mwavuli. Siku moja, tukiwa tunakula, nikamwuliza Papa kama kule kwa mama kunanyesha sana. Akaacha kutafuna. Yeye alifikiri naulizia kaburi. Akasema kule kunanyesha sawasawa na huku kwetu. Nikaona basi nimethibitishiwa. Kuanzia hapo nikawa najizuia. Nilimtazama mara chache ili asilowe. Na Papa alipoleta pamba na alkoli, na mistari ikapungua, nilijua mvua imekatika kule, na mama amejifuta uso.

Halafu shaba ikaanguka. Hivyo ndivyo watu walivyosema barabarani, shaba imeanguka, na mimi nilifikiri tanuru limeangukia watu, nikamkagua Papa mikono na miguu alipoingia. Kilichoanguka ni bei. Ndani ya muda mfupi viwanda vidogo vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wenye viwanda walipita uwanja wa Luano wakapanda ndege bila kuaga mtu. Siku moja wafanyakazi walifika wakakuta mnyororo kwenye geti na mlinzi ambaye naye hajui atalipwa na nani. Ghafla mitaa ilijaa baba za watu mchana kweupe, mikono mifukoni, hawajui wasimame wapi. Mtoto ambaye hajawahi kuona baba yake akiwa nyumbani saa nne asubuhi hajui jinsi hilo linavyotisha.

Vitu vikaanza kutoka nyumbani. Friji, makochi, cherehani ya mama. Mnunuzi alikuja na mkokoteni, akazunguka nyumba yetu kama anayechagua nyanya. Alipofika kwenye manyeto akacheka.

“Papa Bibiche, hii utabakia nayo. Bantu beko ku madisiki sasa. Hii hata bure siibebe.”

Papa aliona aibu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikifurahi. Kicheko cha yule mtu kilimwacha mama yangu nyumbani.

Papa akaenda Kasumbalesa. Kule mpakani malori hayakukosekana hata shaba ilipoanguka, yalipanga foleni hadi usione mwisho, na madereva walihitaji mtu wa kuwakimbilia makaratasi ya duane, yaani forodha. Alisema anaenda kuona tu. Akakaa. Alikuwa anakuja nyumbani kwa nadra, na akija analala mchana kutwa. Tantine Odile akahamia kwetu, kwa kuwa mumewe naye alikuwa ameenda Kolwezi kuchimba, na habari zake zilikuja leo zikapotea kesho. Mimi simsemi vibaya Tantine. Alinilisha. Lakini aliuza unga sokoni, anaondoka giza, anarudi giza, na akirudi ni mtu aliyekwisha.

Kwa hiyo nilikuwa na ufunguo shingoni kwenye uzi. Narudi shule, nafungua, nyumba inanipokea na baridi yake. Mnakumbuka nyumba iliyouzwa vitu inavyosikika? Ukiweka kikombe mezani, sauti inaenda hadi chumbani na kurudi. Nilikula bukari, ugali wetu, ya jana na mboga ya lengalenga, nikakaa sakafuni, pale kochi lilipokuwa, kungoja umeme. Siku nyingi haukuja. Ukija, nilisukuma kaseti.

Sikuangalia ndoa yote. Nilienda mbele hadi kwenye tai nyekundu, kikohozi, halafu mama. Na alipofika kwenye “Muntu asimulamushe,” mimi nilikuwa namjibu. Nilisema, “Sijalala, mama. Niko macho.” Kila mara. Nilisema taratibu, kwa heshima, kama unavyomjibu mtu mkubwa. Nilifikiri kuna siku atasikia, atageuza kichwa upande wa pili, upande wangu, aone nimeamka. Halafu nilirudisha kaseti mahali pake, nikazima, nikatoka kukaa mlangoni kutazama watoto wa wengine wakiitwa kwenda kuoga.

Hakukuwa na wa kufuta kichwa cha manyeto tena. Mvua ikawa kubwa. Ikafika siku nikawa namsikia mama kuliko ninavyomwona, sauti inatoka ndani ya dhoruba.

Papa alipata nafuu kidogo huko mpakani, na safari moja akarudi na televisheni mpya, ile bapa, nyembamba kama sinia. Alikuwa ameinunua kwa dereva. Mtaa mzima ulikuja kuigusa. Ubavuni ilikuwa na tundu la kuingiza flashi, na kila mtu alisema sasa mambo ya kaseti yamekwisha, unaweka filamu mia kwenye kitu kidogo kama kidole, hakichoki, hakikatiki, hakili mkanda. Papa alikaa nayo siku mbili akarudi Kasumbalesa. Alituletea televisheni, akafikiri ametuletea mtu.

Ni hapo Tantine alipopata wazo lake. Pasaka ilikuwa inakaribia, Papa angekuja, naye akataka kumfurahisha kaka yake. Mimi nikiwa shule, akachukua kaseti ya ndoa akaipeleka kwa fundi mmoja mwenye kistudio cha mbao, huko barabarani, anayehamisha kaseti kwenda kwenye flashi. Jioni moja akaingia ameshika kile kidude, macho yanang'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu ahamie.

“Bibiche, kuya uone. Ndoa yangu yote iko mu hii.”

Akaingiza. Lo, ilikuwa safi. Majina ya maharusi yalitokea kwa herufi za dhahabu, mioyo myekundu ikamwagika kutoka juu, watu wakatembea na rangi zao kamili. Mvua hakuna, hata tone. Nikajisogeza. Niliona wajomba, niliona shemeji mlevi, niliona mzee wa tai nyekundu akiinama, na sikusikia kikohozi. Sikusikia kitu cha ukumbini. Kulikuwa na wimbo wa kwaya ya kanisa, mkubwa, wa vinanda, tangu mwanzo. Mama akasimama. Akashika mikro kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, na kwaya ikaimba.

Nikauliza sauti iko wapi. Tantine hata hakuelewa nauliza nini.

“Sauti gani? Ilikuwa makelele tu, jenereta na balevi. Fundi aliondoa yote, akatia wimbo ya Mungu. Iko propre sasa, safi.” Na akaanza kuimba na kwaya, anafuta machozi, anajitazama alivyokuwa mwembamba katika gauni lile.

Nikaulizia kaseti. Akasema kaseti ya nini tena, aliiacha kule kule kwa fundi. Kulikuwa na haraka gani ya kumharibia jioni yake? Nilienda kulala na sare ya shule mwilini.

Kesho yake nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Alikuwa mtu mcheshi, wa miaka ya Papa, mwenye kikofia cha kufuma, amekaa mbele ya kompyuta na feni ndogo inampulizia shingo. Nilipomwambia nimefuata kaseti ya ndoa ya Tantine Odile, alicheka akaniuliza kama mimi ni bibi kizee, mbona mtoto wa leo anatafuta kaseti. Nikamwambia nataka mahali mama yangu anaposema. Hapo akaacha kucheka, akazungusha kiti.

“Sikiya, mama mudogo. Tantine yako aliniambia kuko bafu, bantu benye kufa, mule ndani. Sasa muntu akisha kufa, utaacha sauti yake inasema-sema mu nyumba? Haitamupa pumuziko. Sisi bote tunafanyaka vile: picha inabakia, sauti tunafunika na wimbo. Ni heshima.”

Aliamini. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri. Angekuwa mwizi au mlevi ningejua pa kuweka hasira yangu. Alikuwa amemfunika mama yangu kama unavyomvuta shuka maiti usoni, kwa mkono mwema, na hakutaka malipo kwa kazi hiyo ya ziada.

Nikauliza kama kwenye kompyuta imebaki ile ya kwanza, kabla ya wimbo. Akasema aliifuta. Kulikuwa na msiba wa mtu mkubwa, filamu ndefu, mashine ilikuwa imejaa, akaondoa za zamani zote ili apate nafasi. Na kaseti yenyewe? Kaseti huwa anawapa akina mama wanaolima mboga kule mtoni. Mkanda ni mzuri kwa kufukuza ndege.

Nilishuka hadi mtoni nikiwa na mkoba mgongoni. Mnaijua ile sehemu ambapo mto Naviundu unapita taratibu na matuta ya mboga yamepangwa pande zote mbili. Juu ya matuta walikuwa wamefunga mikanda ya kaseti kutoka mti hadi mti, ya kahawia, inayong'aa, mingi, inapindapinda, na upepo ukipita ilikuwa inalia. Ilitoa sauti nyembamba, kama watu wengi wanaong'ong'ona mbali. Filamu za mapigano, mahubiri, ndoa, vyote viko pale juu ya lengalenga. Nilienda kwenye mkanda wa kwanza, nikaushika kati ya vidole, nikaweka sikio. Nikaenda wa pili. Nilikuwa sawasawa kabisa akilini mwangu. Sauti ilikuwa ndani ya kaseti, na ndani ya kaseti mlikuwa na mkanda, sasa mkanda ndio huu. Kwa nini isiwepo? Nilifikiri ni suala la kusikiliza kwa makini, kutafuta kikohozi cha yule mzee, halafu nisubiri.

Mama mmoja mwenye jembe alinitazama muda mrefu. Alifikiri nataka kuiba mboga. Alipoona naweka sikio tu, akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia nasikiliza mkanda. Akaniambia, bila ubaya, kwamba huo hauna maneno, unafukuza ndege, na kwamba nirudi kwetu, jua linaenda.

Sikulia siku ile. Nililia baadaye, miaka na miaka, mahali pasipotakiwa: kwenye foleni ya benki, kwenye harusi za watu, mbele ya mwalimu wa kemia. Siku ile nilirudi tu, nikafungua mlango, nikakaa sakafuni.

Papa akaja kwa Pasaka. Baada ya misa Tantine akapika, akaita majirani, akafunga mapazia ili picha ionekane vizuri, akaweka flashi. Watu walisifia herufi za dhahabu. Walisifia mioyo. Mimi nilisimama karibu na mlango kwa kuwa sikutaka kuangalia na sikuweza kutoka. Mzee wa tai nyekundu akapita. Mama akasimama na gauni lake la kijani, midomo yake ikaanza kucheza chini ya kwaya.

Papa akavuta kiti mbele. Akamwambia Tantine arudishe. Tantine akabonyeza, picha ikaruka nyuma bila kunguruma, mama akasimama tena. Papa akamtazama mdomo. Akaomba irudishwe tena. Nilikuwa namwona kwa ubavu, nikaelewa kitu ambacho sijamsamehe hadi leo: hakumbuki. Mtu huyu aliyefungua manyeto kwa mikono yake, aliyemfutia mama mvua, hakumbuki mke wake alisema nini. Alikuwa ukumbini siku ile. Alikuwa sebuleni kila mara. Alikuwa anasikiliza mashine, hakuwa anasikiliza mtu.

Halafu Papa akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake:

“Alikuwa ananisemea miye pale. Anasema: Papa Bibiche, usimuache huyu mutoto peke yake. Angalieni mudomo yake.”

Jirani mmoja akasema ni kweli, hata yeye anaona. Mwingine akasema “peke yake” inaonekana wazi kabisa. Wakarudisha tena, na sasa wote walikuwa wanamwona mama akisema vile. Hata mimi, Mungu wangu, kwa muda mfupi nilimwona akisema vile. Papa akageuka akanitafuta, akanikuta mlangoni.

“Bibiche, weye uliangaliaka sana ile kaseti. Si njo vile alisema?”

Watu wote wakanitazama. Tantine naye alinitazama, kijiko mkononi. Maneno ya kweli yalikuwa kinywani mwangu, yote, kwa mpangilio wake, na sauti yake. Ningeweza kuyasema. Lakini nilimwona Papa, macho yamemwiva, amejiinamia kama mtu anayengoja hukumu, na nilijua nikisema kwamba hapana, mama alisalimia maharusi tu na kuomba nisiamshwe, Papa atajifuta uso, atacheka kidogo, na Jumatatu atapanda lori. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nikanyamaza. Papa akachukua kimya changu akakifanya jibu. Na kesho yake akamwambia Tantine anifungie nguo zangu.

Hivyo ndivyo nilivyokulia Kasumbalesa, katika chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori, katikati ya injini zisizozimwa na watu wanaobadilisha pesa kwenye vistuli vyao. Nilipata baba. Hilo nalisema wazi. Alijifunza kusuka nywele, vibaya, hadi wasichana shuleni wakaniuliza nani amenilaani. Alipika maharagwe. Alinisubiri nimalize masomo ya jioni ndipo azime taa. Alinisomesha hadi nikapata diploma ya sekondari, na watoto wengi wa wale baba waliosimama mitaani mikono mifukoni hawakuipata.

Lakini kila nikijaribu kumsikia mama, kwaya iliimba. Mwanzoni niliweza kuisukuma pembeni. Baadaye ilikuwa inaanza kabla hajafungua mdomo. Maneno ninayo, hayajatoka. Sauti yenyewe, ile namna yake ya kuvuta jina langu mwishoni, imefunikwa hata ndani ya kichwa changu, na hakuna fundi wa kuifunua. Halafu watu wananiambia siku hizi hakuna kinachopotea, kila kitu kiko kwenye simu. Waniache.

Na maneno ya Papa yakakua. Aliwaambia madereva. Aliwaambia watu wa kanisa. Mara ya kwanza mama alisema tu nisiachwe peke yangu. Baadaye alisema pia nisomeshwe. Nilipofika umri wa kuolewa, mama alikuwa amesema nisipewe mwanaume mvivu. Mama yangu, aliyeshika mikro kwa muda wa pumzi moja, akawa mtu wa hotuba.

Mwaka niliotolewa mahari tulirudi Naviundu, kwa Tantine, kwa sababu Papa alitaka wakwe waone nyumba. Mtoto wangu alikuwa amekwisha kuzaliwa, nilikuwa nimembeba mgongoni. Wazee wakaketi, soda zikafunguliwa, na Papa akasimama na suti yake akaanza. Marehemu mke wangu, akasema, siku ya ndoa ya dada yangu, mbele ya watu wote, aliniangalia machoni. Mama mkwe wangu akatoa kitambaa akafuta machozi. Mimi nikaondoka nikaenda jikoni nyuma, nikasimama karibu na ukuta, mtoto ananivuta nywele.

Tantine alikuwa anapanga kuku kwenye sinia. Amezeeka sasa, mikono yake imekauka kwa unga. Hakuinua kichwa.

“Ile haikukuwa ku kaseti,” akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamwuliza kitu gani.

“Ile papa yako anasemaka. Miye niliangalia ile kaseti kabla yako, ilikuwa ndoa yangu. Mama yako hakusema vile. Nilijua tangu ile siku ya Pasaka. Nikasema miye ninyamaze, mutoto aende na baba yake.”

Miaka yote hiyo nilikuwa nimedhani niko peke yangu. Moyo ulinipiga hadi mtoto akaacha kunivuta nywele. Kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyesikia. Nilimsogelea karibu kabisa, nikamshika mkono wenye mafuta.

“Tantine. Alisema nini?”

Akainua uso. Akafikiri, kweli akafikiri, macho yakitazama sufuria.

“Sijue tena, mama. Nilijua tu haikukuwa ile.”

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, neno kwa neno, kwa sauti yangu mimi kwa kuwa nyingine sina. Tantine alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja. Halafu akangoja, kama anayefikiri bado kuna mengine.

“Ile tu?” akasema. “Basi acha ya papa yako. Iko muzuri zaidi.”

Akaniwekea sinia mikononi. Nje walikuwa wanampigia Papa makofi, na mtu akaita kwamba wageni wana njaa.